Jiwe Lililokuwa na Mwenyewe

Mwezi uliopita nilikwenda Kakuma kwenye harusi ya binti wa Papa Bahati, na kabla sijapangusa vumbi la barabara usoni, bwana mmoja mwenye mvi na kitambi alisimama kwenye meza ya mbele akapaza sauti: "Jamani, ficheni mawe yenu, mwizi amefika!" Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Alikuwa Ekai, bosi wangu wa kwanza maishani. Kitambi kile sikukijua, maana nilipomwacha Lodwar alikuwa mtu wa kushikilia suruali kwa mkono mmoja akitembea. Tulikumbatiana, tukacheka, tukapigana mabega, mpaka bibi harusi mwenyewe akaja na shela lake kuuliza kuna nini. Tulijaribu kumweleza habari za mwaka ule baba yake alipojenga bustani ya mawe, wakati yeye akiwa bado anang'oka meno ya utoto, lakini tulikuwa wasimulizi wawili tunaokatizana kila sentensi, na muziki ulikuwa juu, na wali ulikuwa unapoa. Aliondoka akitabasamu kwa adabu tu. Niliporudi nyumbani nikasema haifai, mambo haya lazima yaandikwe na mtu mmoja, polepole, bila Ekai kuniingilia.

Nilikotoka sina haja ya kukueleza. Jina Kemunto linatosha, na watu wa Lodwar hawakuhitaji zaidi ya hapo. Kwao nilikuwa "yule msichana wa Kenya," maana ukishavuka Kainuk kwenda kusini, wao husema umeenda Kenya, na nilipofika sikujua kama ni utani au malalamiko. Baadaye nilijua ni vyote viwili. Nilipanga chumba mtaa wa Kanamkemer, pale pale mjini, cha mabati juu na mbao nyembamba kati yangu na jirani, mwalimu mmoja na mkewe kutoka pande za Kitale. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili na dirisha lililoingiza joto kuliko hewa. Mchana hungegusa ukuta. Lakini nilikipenda chumba kile kwa namna ambayo sijawahi kuipenda nyumba yoyote tangu hapo, hata hii yenye vigae ninayoandikia, kwa sababu kilikuwa changu, na ufunguo wake nilikuwa nauvaa shingoni. Jioni ya kwanza nilikuwa nakaanga kitunguu niliposikia mwalimu akimwambia mkewe wakati wakila, "Huyu jirani mpya ameajiriwa kuokota mawe." Mke akauliza, "Mawe gani?" Mwalimu akasema, "Mawe. Haya haya." Kisha wote wawili wakaangua kicheko kikubwa, mke akisema huku anakohoa, "Turkana hii? Mawe yaokotwe yapelekwe wapi? Kwa mawe mengine?" Nilicheka nao upande wangu wa ukuta, mkono mdomoni, kitunguu kikiungua. Na sitaficha, nilicheka lakini pia iliniuma, kwa sababu asubuhi ile ile nilikuwa nimeanza kuamini kazi yenyewe.

Aliyeniaminisha ni Ekai. Alikuwa mtoto wa hapo hapo mjini, amesomea mambo ya miamba mbali na nyumbani, na amerudi na wazo moja ambalo alilisema kwa kila mtu aliyesimama karibu naye kwa muda wa kutosha: kipande cha ardhi ya umma karibu na mto Turkwel, chini ya miti ya mikoma, kigeuzwe bustani, na ndani yake kipangwe kila aina ya jiwe la Turkana, kila moja na kibao chake, watu waingie bure. "Mgeni anakuja huku, anaangalia nje ya dirisha la gari, anasema hakuna kitu, mawe tu," alikuwa akisema. "Kemu, kitu ndiyo hiyo! Ameangalia kitu halafu anasema hakuna kitu!" Kazi yangu ilikuwa kuandika vibao kwa Kiswahili, naye angetia Kiturkana chini yake. Nilikuwa sijui jiwe moja kutoka kwa jingine. Alinikalisha ofisini kwetu, ofisi ya serikali, akanimwagia mezani mfuko mzima, juu ya faili za watu, akaanza: hili ni uji wa volkano uliopoa na matundu yake, hili ni kioo cheusi cha moto, angalia linavyokata karatasi, na hili, lishike kwa mikono miwili, huu ulikuwa mti. Nililishika. Ulikuwa mti kweli, na magamba yake na mafundo ya matawi, lakini mzito na wa baridi, jiwe tupu. Nikamwambia anadanganya. Alifurahi sana nilivyomwambia hivyo, akaagiza chai mbili na mandazi kusherehekea.

Miezi iliyofuata tuliishi kwenye pikapu nyeupe ya ofisi. Tulikwenda mpaka Lowarengak, kando ya Ziwa Turkana, tukalala kwa mama mmoja aliyetupa sato mkavu aliyechemshwa akalainika na ugali wa mahindi meupe, na upepo wa ziwa ulikuwa mkali hivi kwamba tulikula tumeipa mgongo dunia nzima, sahani tumezifunika kwa viganja. Tulikwenda Kainuk, ambako polisi wa kizuizini alizunguka pikapu, akagonga turubai, akauliza tumebeba nini. Ekai akasema mawe. "Mawe?" "Mawe, afande." Polisi akatazama vilima, akatazama barabara, akatazama kila upande uliojaa mawe, akamrudia Ekai: "Bwana, mimi sijakuchezea, usinichezee." Alipanda mwenyewe nyuma, akafunua, akapekua jiwe kwa jiwe. Aliposhuka alikuwa ameshika kipande cha jiwe lenye mistari myeupe na ya waridi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sasa hii ni ndogo," alisema. "Nyuma ya choo yetu kuna kubwa ya hii. Kuja niwaonyeshe." Jiwe la nyuma ya choo cha Kainuk liko bustanini mpaka leo, na ni mojawapo ya mazuri zaidi, ingawa kibao chake hakisemi lilikotoka kwa undani wote huo.

Papa Bahati tulimpata Kakuma. Ekai alikuwa ametafuta fundi wa mawe Lodwar nzima, na kila aliyemwuliza alijua kujenga kwa matofali, si kwa mawe. Ndipo mtu akamwambia aende kambi ya wakimbizi, aulizie Mkongo aliyejenga ukuta wa kanisa lao kwa mawe ya mtoni. Ukuta wenyewe tuliuona kabla ya mtu: mawe ya kila umbo, na katikati yake hakuna hata ufa wa kuingiza kucha. Papa Bahati alitukaribisha kwenye uwanja wa nyumba yake, mkewe akatuletea sombe na bugali, na mimi ambaye nilikuwa nimeishi kwa sukuma wiki maisha yangu yote nilikula majani ya muhogo mpaka nikaona aibu. Ekai alieleza bustani kwa mikono yote miwili. Papa Bahati alisikiliza, akachukua kijiti, akachora duara vumbini. "Mutu akiingia, aingie hivi," alisema, akizungusha kijiti. "Atembee pole pole, mawe moja, mawe ingine, mupaka katikati. Na katikati kuwe kitu. Kama hakuna kitu katikati, bantu batarudi nyumba bakisema batembea bure." Alipopata kibali cha kutoka kambini akaja Lodwar na patasi zake zimefungwa kwenye kitenge. Kuna watu wanaofanya kazi wakiimba, na wengine wakinung'unika. Yeye alikuwa akiongea na mawe, akiyabembeleza kwa Kifaransa, na jiwe likikataa kukaa analitukana kwa Kiswahili. Wiki kwa wiki duara lile lilizunguka kuelekea katikati, na katikati hatukuwa na kitu.

Kitu tulikiona tukitoka Kakuma, siku tuliyokwenda kumchukulia Papa Bahati saruji yake. Tulisimama kwenye laga, yaani mto wa msimu uliokuwa mkavu, ili Ekai akojoe, samahani kwa kusema, na akarudi anakimbia. Chini ya mgunga mmoja, mahali palipokuwa na alama za boma lililohamwa siku nyingi, palikuwa na jiwe kubwa bapa limelala kifudifudi. Tulilipindua. Upande wa chini ulikuwa laini mno, umeliwa katikati ukawa kama kitanda cha mtoto, kijivu chenye mng'aro. Jiwe la kusagia. Nilipitisha mkono mle ndani na sikutaka kuutoa. Ekai alipiga magoti, akasema vizazi na vizazi vimesaga hapa, watu wameondoka, jiwe limebaki, hiki ndicho kitu chetu cha katikati. Huyu ni Mturkana anayesema hivyo, ila ni Mturkana wa Kanamkemer, aliyekulia unga wa dukani. Tulilibeba sisi wawili na vibarua wa kupakia saruji, tukihema. Papa Bahati alilipandisha juu ya kiti cha saruji katikati ya duara, akalizungushia mawe madogo meusi, na aliposimama nyuma kulitazama alivua kofia. Mimi nilipaka kibao kwa herufi zangu nzuri kuliko zote: *Jiwe la kusagia la watu wa zamani.*

Halafu mvua ikaja. Mtu ambaye hajaiona mvua ya Turkana ikinyesha baada ya kusubiriwa hawezi kunielewa. Harufu peke yake ilitutoa ofisini tukasimama uani tumefungua midomo, na jirani yangu mwalimu alicheza na mkewe kwenye tope la ua wetu, wakiwa na nguo za kazini. Ilikuwa imebaki wiki moja tu bustani ifunguliwe. Mgeni rasmi alikuwa amekubali, hema limeagizwa, wanafunzi wanafanya mazoezi ya ngoma. Na asubuhi moja nilikuwa nimechuchumaa katikati ya duara, brashi mkononi, nikipitisha rangi kwenye kibao kile, nilipoona miguu miwili mikavu yenye makubazi ya tairi imesimama mbele yangu. Nikainua macho. Alikuwa bibi mwenye shanga zilizojaa kuanzia mabegani mpaka kidevuni, na fimbo, na ameninyooshea kidole. "Mwizi," alisema, "ni huyu."

Jina lake lilikuwa Akiru, na tangu siku hiyo sote tulimwita Ata, yaani nyanya. Ekai alikuja mbio na salamu zake, ejok, ejok, Ata, na bibi aliitikia ejok kwa sauti ya mtu anayefunga mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni lakini kilitosha, na alikitumia makusudi ili nami nisikie. Alikuwa amerudi kwenye laga yake na mvua, kama kila mvua, apande mtama. Amefika chini ya mti, jiwe hakuna. Watoto wachunga mbuzi wakamwambia gari nyeupe ya serikali imebeba. "Mimi nikauliza, serikali inasaga nini?" Akapanda lori la makaa mpaka mjini. Ekai akasema, kwa upole, "Ata, tulidhani imetupwa." Bibi akauliza, "Ilikuwa imelala namna gani?" Ekai akasema kifudifudi. "Na wewe ni mtoto ya nani," bibi akasema, "hujui jiwe ikilala hivyo inangoja mtu?" Ndipo nilipoelewa mambo ambayo Ekai alikuwa amekwisha kuyaelewa, maana uso wake ulikuwa umeshuka. Jiwe kama lile halihami na ngamia na punda, ni zito mno. Familia inapofuata majani, mama hulipindua, tumbo chini, na kila apitaye anajua: hapa pana mwenyewe, atarudi. Hakuna mtu wa malishoni ambaye angeligusa. Ilihitaji watu wawili waliosoma na pikapu.

Kisha Ata Akiru akauliza kibao kinasema nini. Ekai hakutaka kusoma. Bibi akaniuliza mimi. Nikasoma, sauti yangu ikififia: la watu wa zamani. "Zamani gani?" alisema Ata Akiru, akajipiga kifua mpaka shanga zikalia. "Mimi nimekufa?" Papa Bahati, aliyekuwa pembeni na mwiko wake, alicheka kwanza, akaziba mdomo, lakini bibi alimwona, na nilipoona midomo yake nayo inacheza nikajua hatujaangamia kabisa. Lakini hakuwa anatania kuhusu jiwe. Lilikuwa la mama mkwe wake, na la mama mkwe wa huyo. Ekai alimwahidi jingine jipya, kubwa, amchagulie mwenyewe. "Jiwe mpya inakulisha mchanga," alisema. "Mpaka ikubali, meno yako imeisha." Akaketi. Akatoa mtama kwenye mfuko wa ngozi, akapiga magoti mbele ya kile kitu chetu cha katikati, mle mle kwenye kiti cha saruji, akaanza kusaga.

Alisaga siku zote zilizofuata. Usiku alilala kwa mwanawe Kanamkemer, si mbali na kwangu, na asubuhi tulikuta ameshafika. Sauti ile, mrusho na mvuto, mrusho na mvuto, ilitoka nje ya uzio, na wanawake waliokuwa wakipita kwenda mtoni walianza kuingia, kwanza mmoja kuuliza, halafu watatu na mahindi yao, halafu sikujua tena ni wangapi. Walikaa juu ya miamba yetu ya volkano wakinyonyesha. Mke wa mwalimu, yule wa mawe yapelekwe kwa mawe mengine, alikuja na wimbi la kwao na akafundishwa kuinamisha mgongo. Nilikunywa uji pale kila asubuhi, nikasikiliza umbeya nisioelewa nusu yake, na nikaona wazi kwamba bustani ambayo haijafunguliwa ilikuwa imeshafunguka. Nilikuwa na furaha kubwa, na pia nilikuwa na hofu, maana jiwe lile lingetoka, au lisingetoka, na kila upande kulikuwa na mtu ambaye moyo wake ungevunjika. Mtama wa bibi ungeota lagani na asiwe na pa kuusaga. Na lile duara lilikuwa kazi ya kwanza ya Papa Bahati nje ya kambi, iliyokuwa isimame mbele ya watu wote na jina lake kutajwa.

Ekai alihangaika. Alisema tungoje sherehe ipite ndipo turudishe. Alimwomba Papa Bahati amsihi bibi, kwa kuwa walishaanza kugawana ugoro. Papa Bahati alinawa mikono, akaenda mpaka katikati, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye ule mshono wa saruji alioulainisha kwa kijiko cha mkewe. "Boss," alisema, "miye nilikimbia nyumba yangu. Niliacha mulango, niliacha kitanda, niliacha kisu ya baba. Muntu mwingine analalia ile kitanda leo, anasema ni ya watu wa zamani." Alifungua kitenge, akachagua patasi. "Siwezi kuweka kitu ya muntu katikati ya kazi yangu. Hata ikiwa muzuri namna gani." Akapiga. Mawe madogo meusi yalichomoka moja moja, na jiwe likaachia, na mahali lilipokuwa pakabaki shimo pana, la duara, lenye makovu. Ata Akiru alimshika Papa Bahati kisogoni kwa mkono wake uliojaa unga, akamtikisa kidogo, kama unavyomtikisa mtoto wako.

Tulilirudisha na pikapu ile ile. Alitusimamia tulivyolishusha, akatukaripia tulivyoliweka, na jioni tulikula nyama ya mbuzi iliyochomwa na maziwa, tukiwa tumekaa chini, na Ekai akawaeleza watoto umri wa laga yao mpaka wakasinzia.

Siku ya ufunguzi shimo lilikuwa pale pale katikati, hatukuwa na muda wa kulijaza wala hatukutaka. Nilikuwa nimeandika kibao kipya: *Jiwe la kusagia. Kwa sasa liko kazini kwa mwenyewe.* Mgeni rasmi alizunguka njia yote, jiwe moja, jiwe jingine, akafika katikati, akachungulia. "Na hapa mmeonyesha nini?" Papa Bahati alisogea na suti yake ya kuazima. "Hapa, Mukubwa, ni fasi ya mawe ya Ata," alisema, yaani mahali pa jiwe lake. "Iko shamba naye." Wanawake wa uji walipiga vigelegele mpaka kipaza sauti kikalia chenyewe. Na watu waliokuja wiki zile, wanafunzi, madereva wa malori, watumishi wenzangu wa Kenya waliokuwa wamenicheka, wote walipita haraka kwenye kioo cheusi na mti wa jiwe, wakaenda kusimama kwenye shimo na kusomeana kile kibao.

Kiangazi kiliporudi, mwaka wangu wa mkataba ukiwa unakwisha, nilisikia honi ya lori nje ya uzio. Ata Akiru alikuwa amekaa juu ya magunia ya makaa, na wanaume wanne wakiteremsha jiwe huku yeye akiwatukana. Mtama ulikuwa umeliwa, alisema. Sasa anakaa mjini kwa mwanawe mpaka mbuzi waitwe milimani, na hakuona sababu ya kusaga peke yake uani wakati sisi tuna kivuli. Liliingia kwenye shimo la Papa Bahati sawasawa. Alisaga hapo kiangazi kizima, na wanawake wakarudi na watoto wao na umbeya wao, na mimi nikajifunza kusaga vibaya, na nilikuwa na furaha mwili mzima ambayo sikuijua kuwa ni furaha kwa sababu nilidhani ndivyo maisha yatakavyokuwa siku zote.

Siku aliyoondoka kufuata mbuzi, tulitayarisha pikapu ili tumpelekee jiwe lake kwenye laga. Alikataa kwa mkono. Alilifuta vizuri kwa kiganja, akaondoa punje ya mwisho, kisha akatuamuru mimi na Papa Bahati tushike upande mmoja, naye akashika mwingine. Tukalipindua. Likalala kifudifudi katikati ya bustani yetu, mgongo wake wenye mikwaruzo juu, si zuri hata kidogo. Akaokota fimbo yake akaenda, bila kugeuka. Ekai alisubiri apotee barabarani, akainama, akatia vidole chini ya ukingo. "Tuligeuze, Kemu," alisema. "Wageni wanakuja kesho, hawataona kitu." Nikamshika mkono. Nikamwambia aliache, kwa sababu amesema atarudi.